Mpingo kwa mpini wa kisu

Mkuu umeuliza kama mpingo unafaa kwa mpini wa kisu na kama unapigika misumari. Unafaa sana tu, ila misumari sahau kabisa, ule mti ni mgumu balaa, mita moja ya ujazo huwa inafika kilo 1,200 na zaidi ndo maana kipande ukikitupia kwenye maji kinazama. Toboa kwanza na drili taratibu ndo uweke pini. Halafu una mafuta yake ya asili, gundi huwa inagoma, sasa kabla ya kupaka futa na asetoni, kile kimiminika cha kuyeyusha mafuta, ikishakauka gundisha hapohapo usiache mpaka kesho maana mafuta yanarudi juu. Kwenye kukereza ndo utaupenda, ukipiga msasa mpaka namba 400 unang'aa wenyewe, vanishi ya nini tena, na ndo huohuo wanaotengenezea klarineti na obo, zile ala za muziki za kupuliza. Kukauka ndo kazi, unachelewa na ncha zinapasuka, zipake nta mapema. Ile njano ya nje iondoe, wadudu wanaila, baki na kiini cheusi. Barakoa vaa, vumbi lake linawasha vibaya.