Mkataba uko sawa lakini unapunjwa? Anza na saa

Mkuu, umeuliza kama afisa kazi (mkaguzi wa serikali wa mambo ya kazi) anaweza kumbana mwajiri anayelipa chini ya kima cha chini wakati mkataba unaonyesha kiwango halali. Anaweza, ila usianze na mkataba. Wajanja hawaandiki kiwango haramu. Mapunjo wanayaficha kwenye saa na makato.

Piga hesabu. Tuseme kima ni 100 kwa saa, mkataba unasema 20,800 kwa siku 26 za saa 8, yaani saa 208. Hapo hana kosa. Lakini unaingia saa 1 asubuhi, unatoka saa 12 jioni, mapumziko saa moja: hizo ni saa 10 kwa siku, 260 kwa mwezi. Gawanya, unapata 80. Akikata na 1,300 ya sare, pale sheria inapokataza makato hayo, umeshuka hadi 75. Mapunjo ni 6,500 kwa mwezi, na hapo bado hatujagusa nyongeza ya saa za ziada.

Kwa hiyo andika muda wa kuingia na kutoka siku ileile, kwenye daftari lako. Tunza ujumbe wa malipo na wa kupangiwa zamu. Daftari la mahudhurio la ofisini lililojazwa mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kila mtu saa 2 kamili, mkaguzi mzoefu analitilia shaka akilifungua tu.

Kuhusu hofu ya kujulikana: Mkataba Na. 81 wa Shirika la Kazi Duniani (1947) unampa mkaguzi ruhusa ya kuingia bila taarifa, na unamtaka afiche aliyelalamika. Nchi iliyouridhia inafungwa nao. Ila mkiwa wafanyakazi wawili, siri hiyo haifiki mbali. Na ukidai fedha zako binafsi, jina litatokea tu. Mkiwa wengi, lalamikeni pamoja.

Kwenye malalamiko, taja mapunjo kwa kila mwezi. Faini anayotozwa mwajiri inaingia serikalini, haiji mfukoni mwako, na wengi hugundua hilo wakiwa wamechelewa. Angalia pia ukomo wa kudai, yaani sheria inakuruhusu kudai ya nyuma kiasi gani: kila mwezi unaosubiri unaweza kufuta mwezi mmoja wa nyuma.

Mwajiri akiita suluhu, usisaini "nimelipwa stahiki zote" kabla fedha hazijaingia. Akiomba kulipa kwa awamu, tarehe na kiasi cha kila awamu viandikwe mbele ya afisa kazi.