Maswali ya Wasomaji: Mwanangu Aende Kucheza Magongo ya Barafuni?

SWALI: Mhariri, pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata. Mwanangu wa kwanza alichukuliwa na kaka yangu akiwa na miaka sita, wakaenda kuishi Edmonton, nchini Kanada. Sasa ana miaka 15 na anacheza ule mpira wa magongo wa kwenye barafu. Siku za mazoezi huamka saa kumi na moja alfajiri, akanipigia simu ya video akiwa ndani ya gari na begi kubwa kuliko yeye mwenyewe, huku kwetu ikiwa saa tisa alasiri nami niko dukani. Mwezi uliopita kaka alinieleza kwamba timu moja ya ligi ya vijana inamtaka, na kwamba itabidi ahamie mji mwingine, akaishi na familia tusiyoijua. Baba yake amekataa kabisa. Anasema mtoto alikwenda kusoma, hakwenda kuteleza. Je, mchezo huo ni kazi ya kumlisha mtu? Tumruhusu?
*Mama mzazi, Tabata*

JIBU: Tumeipokea pole yako, mama. Tuanze na hilo la familia msiyoijua, kwa sababu ndilo linalowanyima usingizi. Si ujanja wala si jambo la ajabu. Ndivyo ligi za vijana za Kanada zinavyoendeshwa miaka nenda rudi. Timu huchukua vijana wa miaka 16 hadi 20 kutoka miji ya mbali, na wenyeji wa mji wenye timu hujitolea kuwapa chumba, chakula na macho ya mzazi kwa msimu mzima. Kijana halipwi mshahara katika umri huo. Hupewa posho ndogo ya kujikimu. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mtoto ataanza kutuma fedha nyumbani mwakani, msimsikilize.

Mfano ulio karibu kabisa na wa mwanao ni Jarome Iginla. Alizaliwa Edmonton mwaka 1977, baba yake akiwa Mnigeria, akalelewa na mama yake na wazazi wa mama yake katika mji wa St. Albert, ulio kando tu ya Edmonton. Jina lake la ukoo kwa Kiyoruba ni mti mkubwa. Akiwa na miaka 16 aliondoka nyumbani kwenda kuichezea timu ya vijana ya Kamloops, umbali wa kama kilomita 800, naye akashinda nayo kombe la vijana la taifa mara mbili, mwaka 1994 na 1995. Baadaye alicheza mechi 1,554 katika ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, NHL, akafunga mabao 625, na akavaa medali mbili za dhahabu za Olimpiki, ya 2002 na ya 2010. Hata hivyo, Kombe la Stanley, ambalo ndilo kilele cha mchezo huo, hakuwahi kulinyanyua. Namtaja mtu aliyefanikiwa mno ili mwone kwamba hata njia yake ilianzia kwenye uamuzi huohuo mnaouogopa ninyi. Simtaji ili mwamini kwamba mwanenu naye atafika hapo.

Maana hesabu ya kufika ni kali. NHL ina timu 32, na kila timu inaruhusiwa kuwa na wachezaji wasiozidi 23 katika orodha yake ya kawaida ya msimu. Zidisha mwenyewe: ni nafasi 736, zinazogombewa na vijana wa Kanada, Marekani, Uswidi, Ufini, Urusi, Uchecki na kwingineko, na wengi wa walio ndani hawaondoki kila mwaka. Wanaoingia hupitia zoezi la kila mwaka la timu kuchagua chipukizi, ambalo wenyewe huliita drafti (si ile ya vifuniko vya soda inayochezwa vijiweni). Lina raundi saba, hivyo huchaguliwa vijana 224, wengi wao wa miaka 18, na si wachache miongoni mwao ambao hawatacheza hata mechi moja ya ligi kuu. Kuchaguliwa ni timu kujiwekea haki ya kukusajili tu, si ajira.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa sababu si jambo la leo kwenu. Msimu wa 2025/26 mshahara wa chini kabisa wa NHL ni dola 775,000 kwa mwaka. Ila chipukizi wengi husaini mkataba wenye mishahara miwili: ule mkubwa anapokuwa timu ya juu, na mwingine mdogo sana anaposhushwa kwenye ligi ya chini yake, AHL. Anaweza kupandishwa Jumanne na kushushwa Ijumaa, na malipo yake yakahesabiwa kwa siku. Chini ya AHL ipo ligi nyingine, na ng'ambo ya bahari zipo za Ulaya, ambako wachezaji wengi wazuri hujipatia maisha ya kawaida kabisa bila majina yao kujulikana na mtu.

Hapo ndipo penye neno langu kwa baba yake. Kazi hii, kwa wengi wanaoifanya, hufanyika chini ya kilele, na inafaa mtoto aandaliwe kwa maisha hayo badala ya kuandaliwa kwa kilele peke yake. Willie O'Ree, mchezaji wa kwanza mweusi wa NHL, aliingia uwanjani na Boston Bruins tarehe 18 Januari 1958 mjini Montreal. Jina lake limo katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo tangu 2018, na jezi yake namba 22 imestaafishwa na timu hiyo, yaani haivaliwi tena na mwingine. Lakini mechi zake za NHL ni 45 tu: mbili msimu ule, na 43 msimu wa 1960/61. Miaka mingine yote, hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, aliicheza katika ligi za chini, mingi ikiwa kwenye miji ya pwani ya California. Zaidi ya hayo, alicheza akiwa haoni kwa jicho la kulia, lililopigwa na kile kisahani cha mpira alipokuwa bado kijana, naye akaficha siri hiyo kwa sababu angezuiwa kucheza.

Kisahani chenyewe nikieleze, ili mwelewe hatari. Ni mpira mgumu uliopikwa kiwandani kwa moto na salfa, upana wa sentimita 7.6 na unene wa sentimita mbili na nusu, uzito wa gramu 156 hadi 170, na kabla ya mechi hugandishwa kwenye friza ili usidundedunde. Ukipigwa vizuri huruka kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Golikipa Jacques Plante alipopasuliwa uso nao Novemba 1959, alirudi uwanjani na nyuzi usoni akiwa amevaa barakoa, huku kocha wake akiwa hakubali, na tangu siku hiyo makipa wakaanza kuzivaa mmoja baada ya mwingine. Siku hizi kijana hufunikwa kofia ngumu, kinga ya uso, ya meno, ya shingo, ya mabega na ya miguu. Ndiyo maana begi la mwanao linamzidi. Kinga hizo hazizuii kitu kimoja: mtikisiko wa ubongo, unaotokana na kugongwa mwili au kubamizwa ukutani. Madaktari waliochunguza ubongo wa baadhi ya wachezaji wa zamani baada ya kufariki wameukuta na ugonjwa unaohusishwa na kugongwagongwa kichwa. Akigongwa akasema anasikia kizunguzungu au taa zinamuumiza macho, asirudi uwanjani siku ile, hata kama kocha anamsifia uanaume.

Sasa shule, ambayo kwangu ndiyo inayoamua. Kwa kuwa mtoto yuko Edmonton, nadhani timu iliyomtaka ni ya ligi ya vijana ya magharibi, WHL. Ligi hiyo humwekea mchezaji gharama za mwaka mmoja wa chuo kwa kila msimu aliocheza, kwa hiyo aliyecheza misimu minne ana miaka minne ya chuo ikimsubiri. Haki hiyo ina masharti ya muda, na mkataba wa kulipwa unaweza kuifuta. Kaka yako ayadai masharti yote kwa maandishi kabla hajashika kalamu. Njia ya pili ni kubaki nyumbani, kucheza ligi ya ngazi ya chini kidogo, kisha kuingia chuo kikuu cha Marekani na kucheza huko. Zamani njia hizi mbili zilikuwa kama njia panda, kwa sababu vyuo vya Marekani vilimkataa kijana aliyepitia ligi kubwa za vijana za Kanada, vikimhesabu kuwa mchezaji wa kulipwa. Kanuni hiyo imebadilishwa, na tangu Agosti 2025 anaweza kupita kote kuwili. Ukikutana na mtu anayewatisha kwamba mtoto akienda huko chuo kimefungwa, anazungumza habari za jana.

Wala njia ya chuo si ya walioshindwa. Martin St. Louis, mtu wa mita 1.73 tu, hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti. Alisoma Chuo Kikuu cha Vermont, akaingia NHL kwa mlango wa nyuma, na mwaka 2004 akatwaa Kombe la Stanley na tuzo ya mchezaji bora wa msimu.

Mkinisikiliza mimi, mngemruhusu, kwa sharti kwamba kaka yako asafiri naye kwanza, aione nyumba atakayolala, aongee na mama mwenye nyumba, aone shule, na aulize ni nani katika timu anayefuatilia masomo ya vijana wanapokuwa safarini. Swali hilo la mwisho msilidharau. Ligi ile ina mechi 68 za msimu wa kawaida, na safari zake ni za basi: kutoka Brandon hadi Edmonton ni umbali unaokaribiana na wa Dar es Salaam hadi Mwanza, usiku, kwenye theluji, na kesho yake kuna mtihani wa hesabu. Mwanao aulizwe pia yeye mwenyewe, lakini si siku aliyofunga bao.

SWALI: Mhariri, abiria mmoja alinionyesha mchezo huo kwenye simu. Nimeshangaa mambo mawili: wachezaji wanatoka kila baada ya muda mfupi kama wamechoka, na wakipigana ngumi refa anawatazama tu. Hiyo ni kazi au ni vurugu?
*Dereva, Kimara*

JIBU: Wamechoka kweli. Zamu ya mchezaji uwanjani ni kama sekunde 45, kwa sababu hukimbia kwa nguvu zote tangu anapoingia, na mabadiliko hufanyika mchezo ukiendelea: mmoja anaruka ukuta kutoka, mwingine anaruka kuingia, kama abiria anayedandia daladala kituoni Ubungo kabla haijasimama. Wanaoruhusiwa ni sita pamoja na kipa; wakiwa saba uwanjani kwa bahati mbaya, timu inaadhibiwa. Mzee Gordie Howe aliimudu kazi hiyo hadi akiwa na miaka 52, mwaka 1980, lakini huyo hapimiki kwa kipimo cha watu wengine.

Kuhusu ngumi, refa hawatazami bure. Anasubiri wachoke asije akaumizwa yeye. Kwa NHL wapiganaji hukaa nje dakika tano kila mmoja. Kwenye Olimpiki hutolewa nje ya mechi. Mimi naona kanuni ya Olimpiki ndiyo ya watu wazima.

SWALI: Nina miaka 19, nasoma chuo, naishi Temeke. Nateleza vizuri kwa viatu vya magurudumu kwenye lami. Barafu pekee niliyoigusa ni ya pale soko la samaki la Feri. Naweza kuwa mchezaji wa kulipwa?
*Mwanafunzi, Temeke*

JIBU: Wa NHL, hapana. Wengi wanaofika huko walivalishwa viatu vya makali wakiwa wadogo sana, na wale waliozaliwa Afrika, kama golikipa Olaf Kolzig wa Johannesburg au Rumun Ndur wa Zaria, walikulia ughaibuni. Nisingekutendea haki kukudanganya.

Wa kucheza na kuiwakilisha nchi siku moja, hilo ni jambo jingine. Jirani zetu Wakenya walianza na uwanja mmoja mdogo wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005 ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi. Timu yao, Ice Lions, ilikaa muda mrefu bila mpinzani wa kucheza naye, hadi 2018 ilipopelekwa Kanada na kampuni moja ya kahawa, ikacheza mechi yake ya kwanza dhidi ya timu nyingine, huku nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakivaa jezi zake. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Wengi wa vijana wale walianza kama wewe, kwa magurudumu.

Kwa sasa tafuta gongo. Hoki ya nyasi inachezwa hapa Dar es Salaam na ina historia yake: Tanzania ilipeleka timu Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ikafungwa na India mabao 18 kwa bila, lakini ilikwenda. Mikono inayojua kutuliza mpira kwa gongo haipotezi muda ikifika barafuni. Kisha, likizo ikifika, panda basi la Nairobi, ukiwa umeulizia kwanza kama uwanja uko wazi. Magurudumu yamekufundisha kusukuma na kupinda. Yatakayokusumbua ni kusimama, kwa kuwa barafuni husimami kwa kukanyaga breki ya kisigino bali kwa kuugeuza mguu ubavu na kulikwangua tabaka la juu kwa makali. Utaanguka siku nzima. Nunua soksi ndefu kabla ya kuvuka Namanga, maana viatu vya kuazima huchubua vifundo vya miguu.