Weka simu mfukoni: majibu kwa wanaojifunza kuchora

Penseli gani? 2B, na kisu cha kuichongea. Mlioandika tena kuuliza hilo mmejibiwa. Wanaotafuta programu ya simu ya kugeuza foto kuwa mchoro nao wasikie: zipo tele, lakini hapa tunazungumzia kuchora. Twende kwenye maswali yenye nyama.

Mwalimu, nachora wachezaji wa mpira wa Mazembe kutoka kwenye simu na kila mtu ananipongeza. Lakini mdogo wangu akikaa mbele yangu nashindwa hata pua. Shida ni nini? (Kijana, Kamalondo, hapa Lubumbashi)

Shida ni kwamba kazi ngumu ilikwisha kufanywa na simu kabla hujagusa karatasi. Mdogo wako ana pua inayokujia na masikio yanayorudi nyuma, anapumua, anageuka, anacheka. Simu imekwisha kumlaza bapa, imekwisha kuamua kipi kiwe cheusi, na vivuli vyote vizito imevimeza vikawa doa moja. Tena foto ikipigwa karibu, pua inavimba na masikio yanajificha nyuma ya mashavu. Wewe unainakili ile pua iliyovimba kwa uaminifu mkubwa, halafu watu wanasema umempatia.

Mkalishe mdogo wako mlangoni, mwanga umjie upande mmoja. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikazike, funga jicho moja, simamisha penseli. Pima kutoka kidevuni hadi machoni kwa kutelezesha kidole gumba kwenye penseli, kisha peleka kipimo hicho hicho kutoka machoni hadi utosini. Vitakaribiana, maana macho yako katikati ya kichwa. Karibu kila anayeanza huyapandisha hadi kwenye paji, kwa kuwa fuvu na nywele havimvutii, basi anavikata. Kiwiko kikikunjika hata kidogo kipimo kimekufa, anza upya. Ukimaliza urefu, pima upana dhidi ya urefu. Kisha tazama nafasi tupu iliyo kati ya sikio na bega, uichore kama ni kitu chenye umbo lake. Mara nyingi hiyo ndiyo itakayokuambia kuwa shingo umeikosea.

Pua acha kwanza. Pua ni jambo la mwisho, na nyinyi nyote mnaanzia hapo.

Kwa hiyo miraba ni dhambi? Mimi napiga miraba juu ya foto, kisha juu ya karatasi. (Mchoraji wa mabango, mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Kwa bango la ukutani, piga miraba yako, ndugu, ni kazi na ina haraka. Miraba ni ya zamani: mwaka 1435 Leon Battista Alberti wa Italia alieleza jinsi ya kutungika kitambaa chepesi chenye nyuzi za miraba kati ya jicho na kitu kinachochorwa. Ila angalia alikiweka wapi: mbele ya kitu chenyewe. Funga nyuzi kwenye fremu ya mbao, itazame sufuria au jirani yako kupitia hapo, na kichwa usikisogeze. Hapo miraba itakufundisha. Juu ya foto inakufundisha kujaza visanduku.

Nina miaka arobaini na sita, nimechelewa? (Mama, Ruashi)

Hapana, mama.

Nikimchora mama yangu anatoka kama mzungu. Nikiongeza weusi anakuwa kama kipande cha makala (mkaa). Nakosea wapi? (Mwanafunzi, Katuba)

Hili swali ningependa niulizwe kila wiki badala ya lile la penseli.

Anza na karatasi. Karatasi yako ni nyeupe kuliko kitu chochote usoni mwa mama yako, labda kasoro vile vimeremeto vidogo kwenye paji na ncha ya pua. Vitabu vingi tulivyorithi vinafundishia sanamu za plasta nyeupe na nyuso za Wazungu, ambapo mtu anaweza kuacha karatasi wazi ikawa ngozi. Wewe ukifanya hivyo umeshampaka mama yako krimu ya kujichubua kabla hujaanza. Basi tafuta karatasi ya kaki au katoni, ya rangi ya kati. Au chukua karatasi ya kawaida, ipake makala laini yote hadi iwe ya kijivu kizito, kisha toa mwanga kwa kifutio. Huna kifutio kizuri? Kiini cha mkate kinafaa: kabla ya mpira wa kufutia kuenea mwishoni mwa karne ya 18, wachoraji wa Ulaya walikuwa wakifutia mkate.

Kisha finya macho hadi uone ukungu. Jiulize kipi ndicho cheusi kuliko vyote pale. Ni nywele? Ni kikwembe alichofunga kichwani? Ni kivuli chini ya kidevu? Hicho kipe weusi wa mwisho ulio nao, na ngozi yote iliyobaki ikae juu yake. Kosa lako la makala linatoka hapa: umempa shavu weusi ambao ungeuwekea nywele, sasa nywele huna cha kuzipa.

Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Kwenye ngozi nyeupe, duara la shavu unalisoma kwa kivuli kinachoingia polepole. Kwa mama yako utalisoma zaidi pale mwanga wa mlango unapogonga: mfupa wa shavu, mgongo wa pua, mdomo wa chini. Mimeremeto hiyo ina mipaka na ina umbo, si nukta za kutupiatupia. Tena inahama ukihamisha kichwa chako, kwa hiyo chagua kiti na ukae. Kati ya mng'ao na kivuli kuna rangi ya ngozi yenyewe, nayo ndiyo sehemu kubwa ya uso. Ichunge isipauke. Upande wa kivuli utaona mwanga hafifu unaorudi kutoka ukutani au kwenye blauzi yake. Uweke, lakini usikubali hata siku moja uwe mweupe kuliko upande unaopigwa na mwanga. Wanafunzi wakishaugundua mwanga huo wanaupenda mno, uso unatoka kama bati.

Weupe wa macho si mweupe. Uko chini ya kope, kivulini. Meno vivyo hivyo.

Na nyuma yake weka nini? Akikaa mbele ya mlango wazi wa saa sita, utaona umbo tupu lisilo na uso. Mpeleke mbele ya ukuta uliofifia, mwanga utoke pembeni, ndipo ngozi itawaka. Penseli nayo ina mwisho wake: risasi yake inang'aa, kwa hiyo ukiikandamiza unapata kijivu kinachometameta, si weusi. Weusi wa kweli utaupata kwenye makala.

Kuna wateja, najua, wanaosema «nifanye mweupe kidogo». Mkatalie. Ukishamfanyia mmoja, mkono unazoea.

Makala ya kuchorea yanauzwa bei kali. Naweza kutumia ya jikoni? (Kipushi)

Ya jikoni yametoka kwenye miti migumu ya porini, yanakwaruza karatasi. Tengeneza yako. Chukua vijiti vilivyonyooka vya mti laini, unene wa penseli au chini yake, vimenye maganda, vikauke vizuri. Vipange kwenye mkebe wa maziwa ya unga hadi vibanane, funika, toboa tundu dogo kwenye kifuniko, weka juu ya mbabula, jiko la makala. Moshi utatoka kwa lile tundu. Ukikoma, ondoa mkebe na usiufungue mpaka upoe kabisa, maana hewa ikiingia vijiti vikiwa vya moto vitawaka na utabaki na majivu. Fanya nje. Nasema nje: moshi wa mbabula ndani ya chumba kilichofungwa unaua, na kila msimu wa baridi tunazika watu kwa ajili yake.

Nisugue kwa kidole ili iwe laini? (wengi)

Hapana. Mafuta ya kidole yanaacha doa, na kusugua ni njia ya kukwepa kuamua kivuli kinaishia wapi. Amua kwanza.

Nachora bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na terili (kilima cha mabaki ya madini) kila Jumamosi, lakini vivuli vyangu havipatani. (Fundi umeme, Kampemba)

Kwa sababu unachora masaa matatu na jua halikungojei. Linahama digrii 15 kila saa. Ukikaa tu, kabla ya yote, chora mipaka ya vivuli kwa mstari mwepesi na uandike saa pembeni ya karatasi. Kuanzia hapo usivibadilishe, hata kama terili imegeuka sura. Jumamosi ijayo rudi saa ile ile. Asubuhi mapema au baada ya saa kumi ndiyo saa za kuchora nje. Mchana, hasa mwishoni mwa Oktoba na tena katikati ya Februari, jua linasimama karibu juu ya utosi hapa Lubumbashi, kila kitu kinakanyaga kivuli chake na huna umbo la kuchora.

Nikiwa hapo hapo: vitabu vya Ulaya vinawaambia mchorie kwenye dirisha la kaskazini kwa sababu jua haliingii. Ni kweli, kwao. Sisi tuko kusini ya ikweta, na kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Oktoba jua letu la mchana liko upande wa kaskazini. Dirisha lako liwe la kusini. Nimeona watu wamehamisha meza zao kufuata kitabu, halafu wanalalamika jua linawachoma.

Mdomo wa sufuria yangu unakataa. Unaonekana umevunjika kwenye kona. (Likasi)

Hauna kona. Duara likitazamwa kwa pembeni linakuwa yai lililolala, na pande zote mbili linageuka kwa mviringo, hata likiwa jembamba kiasi gani. Sufuria ikiwa sawa na macho yako, mdomo ni mstari mnyoofu, ukiishusha, unafunguka. Kwa hiyo ikiwa mezani, duara la chini lazima liwe limefunguka kuliko la mdomo. Nyinyi mnachora chini mstari mnyoofu kwa sababu mnajua sufuria inakaa juu ya meza.

Pilipili, Bela na Mwenze, wachoraji wa zamani wa hapa, hawakupima kwa penseli, na kazi zao zilionyeshwa Paris mwaka 2015. Kwa nini mimi nijitese? (Msanii, Lubumbashi)

Barua hii inarudi kila mara kwa mwandiko tofauti. Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa, alipofungua Hangar, karakana yake ya uchoraji, hapa mwaka 1946, hakutaka vijana wale wanakili Ulaya. Kila mmoja aliachiwa mkono wake. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze alijenga mwili wote kwa mistari myembamba iliyobanana. Hakuna aliyekuwa anatafuta kitu kionekane kama kilivyo mbele ya macho, na aliyekitafuta aliweza kwenda Akademia ya Laurent Moonens, iliyofunguliwa mwaka 1951. Njia zote mbili ni halali. Lakini wewe umeniletea mchoro wa baiskeli ya muuza makala, umeuita «halisi», na mnyororo haugusi gurudumu lolote. Ukitaka njia ya Pilipili, ifuate bila kunitaja. Ujue tu kwamba samaki wake wanaogelea kwa sababu alikuwa amewatazama samaki.

Nachora marehemu kutoka foto kwa ajili ya kilio. Ni vibaya? (Katuba)

Si vibaya, ni kazi ya heshima. Omba foto kadhaa, si moja, na umwulize mtu wa familia alivyokuwa akishika kichwa. Chukua avansi ya nusu kabla ya kuanza. Baada ya mazishi wenye deni wanasahau haraka. Ila usiihesabu kama mazoezi.

Wamama wa soko walinifukuza na kayee (daftari) yangu. Nifanyeje? (Kijana, mtaa wa Kenya)

Ulisalimia? Nunua nyanya kwanza, kaa chini, onyesha kayee kabla hujaanza, na mtu akikataa funga kayee, usimchore kwa wizi. Anayepepea mbabula atarudi kwenye mkao ule ule tena na tena, kwa hiyo anza michoro minne kwenye ukurasa mmoja na uongeze kidogo kwa kila mmoja anaporudi. Mikao kwanza, sura baadaye au usichore kabisa. Askari, kambi, kizuizi cha barabarani na uwanja wa ndege usivichore, hata ukiwa na nia njema. Mtu anayetazama jengo huku akiandika kitu ataulizwa maswali, na kusema «najifunza perspektivi» hakutakusaidia mbele ya mtu mwenye bunduki.

Naweza kupulizia laka ya nywele ili makala yasifutike? (Ruashi)

Inashika, na baada ya muda karatasi inageuka manjano. Kwa mazoezi sawa, kwa kazi ya mteja usithubutu. Pulizia nje, kutoka mbali, mara mbili nyepesi, na mbali na mbabula ya mama: ile laka inashika moto.