CD za Beatles: mono au stirio?

Ndugu, umeuliza ununue CD za Beatles, bendi ya Uingereza, za 1987 (toleo la kwanza la CD) au za 2009 (zilizosafishwa sauti upya). Chukua za 2009, na mfuko ukiruhusu, boksi la mono, yaani seti ya albamu zao ambamo sauti ile ile hutoka pande zote mbili; stirio huigawa sauti kushoto na kulia.

Miaka ya mwanzo mono ndiyo iliyopewa uzito studio. Stirio ilifanywa baadaye, harakaharaka. Weka albamu yao Please Please Me ya stirio kwenye hedifoni: waimbaji wote sikio la kulia, ngoma na magitaa kushoto, katikati patupu. Nyimbo tatu tu nami huwa nimechoka. Weka ya mono, bendi nzima inarudi chumba kimoja, na besi inasikika ina mwili. Tena mono za 2009 hazikubanwa ili zipige kelele zaidi. Za stirio ziliongezwa nguvu kidogo, ingawa si kwa kuudhi.

Albamu za Abbey Road na Let It Be hazimo kwenye boksi hilo, hivyo hizo nunua stirio ya 2009 bila kuwaza.

Za 1987 ukizikuta kwa bei ya chee, beba Help! na Rubber Soul. George Martin, mtayarishaji wao, alizichanganya upya sauti zake kwa ajili ya CD, mwangwi ukaongezeka kidogo. Stirio halisi ya 1965 utaipata kama nyongeza ndani ya CD za albamu hizo kwenye boksi la mono.

Ila kagua majalada. Mimi niliwahi kuuziwa boksi feki, maandishi ya mgongoni yamefifia kama fotokopi.