Jezi ya njano si ya Jangwani peke yake

Juma lililopita niligusia kidogo michezo ya mwaka wa kwanza baada ya vita, nikadhani yameisha. Kumbe nimechokoza nyuki. Haya hapa machache niliyoyaweza.

Swali: Ulisema jezi ya njano ilizaliwa Ufaransa mwaka 1919. Yanga tunaijua yetu, hiyo nyingine ni ipi? (Msomaji, Jangwani)

Jibu: Ni ya Tour de France, mbio za baiskeli za kuizunguka Ufaransa. Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Novemba 1918, na kiangazi kilichofuata watu wakapanda baiskeli. Barabara za kaskazini zilikuwa zimechimbuliwa na mizinga, matairi hayapatikani, na mabingwa watatu wa zamani, Petit-Breton, Faber na Lapize, wamekufa vitani. Walianza waendeshaji 67. Waliofika Paris hawakutimia dazeni.

Mbio zikiwa katikati, mwandaaji Henri Desgrange akaamua anayeongoza avae njano ili aonekane kwa urahisi. Gazeti lake, L'Auto, nalo lilichapwa kwenye karatasi za njano, kwa hiyo biashara haikusahauliwa. Wa kwanza kuivaa ni Eugène Christophe, tarehe 19 Julai, pale Grenoble. Inasimuliwa kwamba watu wa njiani walimtania wakimwita chiriku. Watani wa Msimbazi mnaweza kuliazima hilo.

Basi zikiwa zimebaki hatua mbili, foku ya baiskeli yake ikakatika. Kanuni za wakati ule zilimtaka mwendeshaji atengeneze mwenyewe, bila fundi kumshikia hata spana. Alipoteza zaidi ya saa nzima, na Mbelgiji Firmin Lambot akachukua jezi pamoja na ushindi. Wafaransa walimchangia Christophe fedha. Ubingwa wa Tour hakuupata maisha yake yote.

Swali: Shemeji yangu shabiki wa Tottenham anadai Arsenal walipanda daraja kwa kura. Mwambie anyamaze. (Sinza)

Jibu: Siwezi, maana shemeji yuko sahihi. Ligi ya Uingereza ilisimama mwaka 1915 Arsenal wakiwa wa tano daraja la pili. Iliporudi mwaka 1919, daraja la kwanza liliongezwa kutoka timu 20 hadi 22. Chelsea, waliokuwa wa pili kutoka mkiani, wakabakizwa. Tottenham, waliokuwa mkiani kabisa, wakaambiwa nafasi yao inapigiwa kura: Arsenal 18, Tottenham 8. Mpaka leo Arsenal hawajashuka. Ila mwambie shemeji kwamba Tottenham nao walirudi baada ya msimu mmoja tu, tena kwa jasho lao.

Swali: Ni kweli Warusi waliwahi kuifunga Arsenal kwenye ukungu? (Tabata)

Jibu: Kweli. Novemba 1945, Dynamo Moscow waliitembelea Uingereza na kushinda 4-3, ukungu mzito kiasi kwamba wengi waliokata tiketi hawakuona kitu. Arsenal walikuwa wameazima wachezaji, akiwemo Stanley Matthews.

Swali: Kila siku Ulaya tu. Sisi baada ya Vita vya Kagera na Idi Amin hatukucheza? (Mbagala)

Jibu: Tulicheza, tena vizuri. Kampala ilianguka Aprili 1979, mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni. Nyerere akatutaka tufunge mkanda miezi 18. Wazee wanaikumbuka foleni ya sabuni kuliko hotuba. Agosti hiyohiyo Taifa Stars wakakutana na Zambia kuwania kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulishinda 1-0 hapa Dar. Kule kwao ikawa 1-1, na goli letu ni la Peter Tino. Hilo goli moja nimelisikia likisimuliwa vijiweni kwa namna kumi, na kila msimuliaji alikuwa nyuma ya nyavu.

Machi 1980 tukaenda Lagos, mara yetu ya kwanza kabisa. Nigeria walitufunga 3-1, Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Wenyeji ndio waliobeba kombe. Safari yetu iliyofuata ilikuwa 2019.

Swali: MBONA HUITAJI SIMBA NA MUFULIRA? (Msimbazi, kwa herufi kubwa zote)

Jibu: Kwa sababu ilikuwa mapema 1979, risasi bado zinalia, na mada yetu ni baada ya vita. Lakini sawa: Simba kufungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers wa Zambia, kisha kushinda 5-0 ugenini. Umefurahi?