Tuulize: Dizaini zangu zote zinafanana, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni chalii wa Sakina hapa Arusha, nina miaka 23, nafanya kadi za harusi, mabango, stika na logo kwenye steshenari ya mjomba. Shida yangu mawazo yamekata kabisa. Kila asubuhi naingia Pinterest naseivu picha kali kali, saivi nina kama elfu mbili, ila nikikaa kwenye kompyuta natoa kitu kilekile. Juzi mteja kaniambia kadi yake inafanana na ya jirani yake, na kweli inafanana mana zote nilifanya mimi. Nimekutumia na picha za mabango yangu mawili uyaone, la duka la pembejeo na la barabarani. Hawa watu wenye dizaini za akili wanazitoa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo kwa jirani nimecheka, nisamehe. Sasa hizo picha elfu mbili ni majibu ya watu, maswali yao huna. Picha inakuonyesha jamaa alivyomaliza kazi, haikuonyeshi alikuwa amebanwa na nini, na akili yenyewe ilifanya kazi pale alipobanwa.

Chukua kitochi. Nokia 1100 ilitoka 2003 na mpaka leo simu yoyote ndogo ya batani tunaiita kitochi hata kama sio Nokia. Walioichora walimuwazia mtu anayeishi na vumbi na kukatika umeme, wakaweka batani za mpira wa kipande kimoja ili vumbi lisipenye katikati, wakaweka tochi kichwani, yakaisha. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, simu haina hata pambo moja. Sa nenda Ngaramtoni kiangazi hiki uangalie vumbi linavyotimka magari yakipita, alafu jiulize lile bango jeupe la maandishi ya kijivu ulilomfanyia mteja wa duka la pembejeo litasomeka baada ya wiki mbili? Hilo ndo swali lako, na hulipati Pinterest.

Au omba ruhusa ufungue kabati la mama utoe kanga. Kuna pindo linalozunguka, kuna mji pale katikati, kuna jina, yani yale maandishi. Jina ni mstari mmoja, herufi kubwa, mana linasomwa likiwa linatembea, mtu kajifunga anakupita soko la Kilombero na ndani ya sekunde mbili tatu umeshaelewa ujumbe na umeshahisi kijembe unapigwa wewe au shoga yako. Aliyeichora alikuwa na kitambaa kizima cha kujaza akaandika maneno manne matano tu. Wewe bango la barabarani, ambalo wa bodaboda analipita mbio, umeweka namba nne za simu, fonti sita, picha ya bosi kakunja mikono, na chini kabisa "Mungu ni mwema". Ni mwema kweli ila mpunguzie kazi.

Kuna jamaa wa London pia, Harry Beck, alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi kwenye mambo ya treni za chini ya ardhi. Mwaka 1931 akawaza kwamba mtu akiwa huko chini hana haja ya kujua reli inakata kona wapi, anachotaka ni ashuke wapi na abadilishe wapi, basi akachora ramani ya treni akanyoosha mistari yote, wima, mlalo na mshazari, inakaa kama mchoro wa nyaya za umeme, kila laini rangi yake. Mwanzoni wakamkatalia. 1933 wakaichapa, abiria wakaipenda. Wewe mwenyewe ukiwa umechelewa hiace huisomi maandishi, unatazama ule mkanda wa rangi ubavuni unakimbilia.

Kwa hiyo kuanzia Jumatatu usiseivu picha hata moja. Panda hiace mpaka Tengeru na urudi, una daftari mkononi, upande mmoja andika vitu ulivyovielewa bila kumuuliza mtu, upande wa pili vilivyokulazimisha uulize. Huo upande wa pili ndo wa kuanzia kazi.

Na daftari liwe la hesabu, la visanduku. Susan Kare alichora alama za kompyuta ya Macintosh ya 1984 hivyohivyo, visanduku 32 kwa 32, kisanduku kimoja nukta moja. Logo ya mteja ikigoma kueleweka hapo itagoma kwenye muhuri na kwenye profaili ya WhatsApp.

Ya harusi sasa. Kabla hujagusa kompyuta muulize bwana harusi kadi itasomwa na nani. Akikwambia kuna bibi yake Marangu hana miwani na anachotafuta ni siku na ukumbi, tayari hiyo kadi haiwezi kufanana na ya jirani, labda na jirani ana bibi.

SWALI: Habari dada, nasoma mambo ya kompyuta hapa Moshi, na wenzangu tunatengeneza programu ya kukata tiketi za basi. Tunabishana, basi la alfajiri tuandike 06:00 au 12:00?

JIBU: Andikeni "saa 12 asubuhi" kwa herufi kubwa, pembeni kadogo 06:00, na hilo neno asubuhi lisikosekane kabisa. Mimi niliwahi kupewa tiketi imeandikwa 12:00, nikafika stendi saa sita mchana na begi langu, basi limeondoka alfajiri. Kabla hamjaiachia, mpeni mama wa mmoja wenu simu, mwambieni akate tiketi, alafu nyie wote mkae kimya. Atabonyeza pasipo, mtatamani kumwelekeza, mkae kimya hivyohivyo.