Miaka 15 gazetini, bado ukajifunze kamera?

Ndugu, umeuliza kama mwandishi wa miaka 15 gazetini ana haja ya mafunzo ya wiki moja ya video na sauti. Anayo, tena kubwa. Kule Berkeley, California, kituo cha mafunzo kilichofadhiliwa na Knight Foundation, taasisi ya Marekani inayosaidia uandishi wa habari, kiliwapanga waandishi wazoefu kwenye timu, kila timu itoke na habari moja yenye video, picha, sauti na maandishi. Kinachowatoa watu jasho ni kuamua kipi kiende wapi. Mlio wa nyundo ya fundi, rekodi. Bei ya mbao, andika. Na vaa hedifoni unaporekodi! Bila hizo, upepo kwenye maiki utausikia ukishafika ofisini, na mhojiwa keshaenda zake.